Wasomaji Wauliza: Chozi la Kidato cha Tatu

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka Bukoba. Mimi ni muuguzi, nina umri wa miaka 46, na ni mama wa mabinti wawili. Mwaka 1995, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, nilisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kitabu kilikuwa kikipita kwa siri kutoka kitanda hadi kitanda, na zamu yangu ilikuwa ya usiku mmoja tu. Nilikisoma chini ya blanketi kwa tochi ya betri mbili mpaka karibu na alfajiri, na Rosa alipojiua niliuma ncha ya shuka ili wenzangu wasisikie ninavyolia. Sijalia vile tena, hata katika misiba ya kwetu. Mwenye kitabu, ambaye ni rafiki yangu hadi leo, alinipa nakala ileile tulipomaliza shule. Haina jalada, na kona yake ya chini ina doa la mafuta ya taa.

Desemba iliyopita nilichukua likizo, nikasafiri mpaka pale shuleni, nikaomba ruhusa, nikakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya bweni letu na kukisoma chote tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilitaka nilie tena kama siku ile. Sikulia. Nilifika kwenye kifo cha Rosa macho makavu, kama mtu anayesoma kitabu cha ripoti ya zamu. Hata alama niliyokumbuka kuiweka chini ya maneno ya kifo chake haikuwapo. Wakati ule nilikuwa na mazoea ya kupiga mistari miwili ya penseli, na mistari hiyo niliikuta kurasa nyingi kabla ya hapo, pale Zakaria anapompiga Rosa, binti yake, kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana Charles. Hapo nilifunga kitabu kidogo, nikampigia simu binti yangu mkubwa bila sababu ya maana, kisha nikaendelea kusoma.

Mume wangu ananiambia kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba vitabu vya majonzi huleta mkosi nyumbani. Je, kitabu kimechuja, au ni mimi niliyekauka moyo kwa miaka ya wodini? Na mtu mzima anapata nini katika riwaya zisizo na tumaini?

Msomaji, Bukoba

JIBU

Dada yangu, marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye ile mistari miwili ya penseli. Ulisafiri ukiwa na hakika kwamba usiku ule ulilia kwa ajili ya kifo cha Rosa, na kwamba mkono wako uliweka alama pale kilio kilipokuwa kikali zaidi, lakini karatasi inatoa ushahidi mwingine, kwa kuwa alama iko kwenye kipigo cha baba. Kabla hatujaulizana kama kitabu kimechuja au moyo umekauka, inatupasa tukubali kwanza kwamba usiku uliokwenda kuutafuta chini ya mwembe haukuwa vile unavyoukumbuka hata ulipokuwa mbichi.

Haya hayakukuta wewe peke yako. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu, na humo alieleza jinsi alivyowapa watu wa Cambridge ngano fupi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha akawataka waiandike upya kwa kukumbuka, mara ya kwanza baada ya muda mfupi, halafu baada ya wiki na miezi, na baadhi yao baada ya miaka. Waliiandika kwa kujiamini. Lakini mitumbwi ya ngano ile iligeuka kuwa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mambo ya mizimu ambayo hawakuyaelewa vizuri yalipunguka au yakatoweka kabisa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliirudisha hadithi katika sura ambayo maisha yake yangeweza kuibeba, na wewe umefanya vivyo hivyo kwa miaka 30: kwa kuwa kifo ndicho kinachoonekana kuwa jambo kubwa katika riwaya ile, kumbukumbu yako imekichukua kilio na kukiweka hapo.

Sasa tujiulize ulilia nini. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipoeleza tanzia, yaani tamthilia ya majonzi, alisema kwamba huamsha mambo mawili, huruma na hofu. Huruma kwa sababu anayepatwa na mabaya hakustahili mabaya kiasi kile, na hofu kwa sababu anafanana nasi. Ukiwa na miaka 16 ulikuwa ndani ya bweni, na nadhani barua zako zilifunguliwa kabla hazijakufikia, kama ilivyokuwa katika shule nyingi za zama zile, na nyumbani ulikuwa na baba ambaye neno lake halikujadiliwa. Ukasoma habari za msichana aliyelelewa kwa fimbo na kwa kufichwa, akapelekwa shule ya bweni, akatoka huko hajui namna ya kukaa na wanaume ila kuwaogopa au kujitupa kwao, akafika chuo cha ualimu Morogoro na kukutana na mkuu wa chuo aliyepaswa kumlinda. Hukuwa ukimlilia Rosa peke yake. Ulikuwa ukijililia mapema, kwa hofu ya njia ambayo wewe mwenyewe ulikuwa hujaipita. Ndiyo maana ninaiamini penseli kuliko kumbukumbu: msichana wa kidato cha tatu alitia alama pale palipomgusa yeye, na mahali hapo palikuwa barua iliyoshikwa na baba.

Hofu hiyo imekwisha muda wake. Umevuka sekondari, umevuka chuo, umeolewa, umelea. Mwembe upo, bweni lipo, kitabu ni kilekile na doa lake la mafuta ya taa, lakini kile kilichokuliza hakikuwa ndani ya vitu hivyo. Kilikuwa katika kutojua kwako, na kutojua hakurudi kwa mtu aliyekwisha kujua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ningesema hata ukiyazoa yote usipoteze tone, kiu uliyokuwa nayo siku ile haipo.

Kuhusu moyo kukauka, kataa neno hilo kabisa. Unasema ulipofika pale Zakaria anapompiga Rosa ulifunga kitabu ukampigia simu binti yako bila sababu ya maana. Kwangu mimi simu hiyo ndiyo kiini cha barua yako nzima. Ulisimama mahali palepale uliposimama mwaka 1995, ila safari hii ulikuwa upande wa pili wa fimbo, upande wa wazazi. Huruma yako imeondoka kwa binti peke yake, imeenea mpaka kwa Regina, mama anayeona kila kitu na hana nguvu ya kukizuia, na hata kwa Zakaria, mlevi ambaye kwa kumchunga mwanawe kwa ukali alimvunja. Mtu aliyekauka moyo hafungi kitabu ili asikie sauti ya mwanawe. Ulisoma vizuri sana siku ile, dada yangu, lakini hukutambua kwa sababu ulikuwa ukisubiri chozi lingine.

Niruhusu nikueleze langu. Nilisoma Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, nikiwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 22, na kilichonishika ni yale mabishano ya Kazimoto, mhusika wake mkuu, juu ya Mungu, maisha na thamani ya kuishi. Niliyanakili katika daftari, nikayasema mbele ya wenzangu kana kwamba ni yangu. Ya Rukia, dada yake Kazimoto ambaye Manase anampa mimba na ambaye mwisho wake ni kifo, niliyapita haraka kama mtu anayepita kijiji kwa basi. Miaka 19 baadaye, baada ya kumzika mdogo wangu wa kike, nilikitoa kitabu kile kabatini kwa makusudi kama yako, yaani nikitaka kukutana tena na kijana aliyekuwa akikesha akibishana na kucheka. Sikumkuta. Mabishano yale niliyaona ya kijana mwerevu anayeumia na hataki kusema anaumia, na nilipofika kwa Rukia sikuweza kugeuza ukurasa. Nilikaa na kidole kati ya karatasi mbili mpaka taa ya jirani ikazimwa. Nilijilaumu kwamba nilikuwa nimesoma kitabu kizima, nikakifanyia mtihani, nikapata alama nzuri, na yule dada sikuwa nimemwona.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao nautetea kila ninapopata nafasi. Riwaya za majonzi hazifai kabisa kutumiwa kama mlango wa kurudia ya zamani, kwa sababu zenyewe, karibu zote, zinasimulia jinsi mlango huo usivyofunguka. Kazimoto anarudi kwao Ukerewe akiwa na elimu ya chuo kikuu na haoni mahali pa kuingia. Lugha ya nyumbani anaijua, watu anawajua, lakini yeye si yule aliyeondoka na nyumbani si pale alipopaacha. Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka kwao akiwa kijana katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, na hakuweza kurudi mpaka mwaka 1984. Katika riwaya yake ya mwaka 1996, Admiring Silence, msimulizi asiye na jina anaishi Uingereza na mwanamke anayempenda, na kwa miaka amekuwa akimsimulia habari za nyumbani, nyingine za kweli na nyingine za kutunga, mpaka amejijengea kwao ambako hakujawahi kuwako. Anaporudi baada ya miaka 20 anakuta mji umechakaa, jamaa zake wanataka kumwoza, na yale aliyokuwa akiyasimulia hayana pa kukaa. Anaporejea Uingereza, mwanamke yule naye anamwacha. Amepoteza nyumbani kote kuwili. Wewe ulikichukua kitabu cha ukoo huo, kitabu kinachokataa kumpa mtu faraja ya uongo, ukakiomba kikurudishie ujana. Kilikunyima kwa sababu ndivyo kilivyo.

Tazama pia alichofanya mwandishi mwenyewe. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kijiji hichohicho ndicho nyumbani kwa Rosa katika riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1971, wakati yeye hajatimiza miaka 30. Angeweza kuandika Namagondo ya utoto wake, yenye ziwa na mashamba ya mihogo, akaipamba kwa kuikosa. Hakufanya hivyo. Aliichukua akaichunguza kama ninyi mnavyochunguza kidonda, mkikifungua ili mjue kimefika wapi, wala hamkifungui kwa sababu mnapenda kukitazama.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali lako la mwisho. Unajua kwa nini kitabu kile kilisomwa kwa siri. Kilipotoka kilipigwa marufuku shuleni, kwa hoja kwamba kilikuwa wazi mno katika mambo ya mapenzi, na hata miaka ya kwenu, kama barua yako inavyoonyesha, wasichana waliendelea kukificha chini ya magodoro. Lakini wasichana wa shule wakati huo walikuwa wakipata mimba, wakizitoa, wakifukuzwa, na wengine wakifa. Wakubwa waliyajua yote na hawakuyasema. Mtu aliyeyasema ni mwandishi mmoja kijana, na aliyasema bila kuyamalizia kwa harusi. Mwisho mzuri ungekuwa tusi kwa waliokufa kweli. Mtu mzima anasoma riwaya ya namna hii ili asimfiche aliyeumia kwa kuharakia kufarijika, na wewe muuguzi umekaa kando ya vitanda vya wagonjwa vya kutosha kujua tofauti kati ya jamaa anayemwambia mgonjwa "utapona tu" huku anatazama mlango, na yule anayevuta kiti akakaa.

Kwa shemeji nina maneno mawili, na nayasema kwa heshima. Mkosi hauji na karatasi. Na ile methali, yaliyopita si ndwele, ina mwisho wake: tugange yajayo. Mimi huiona methali ya usuluhishi, ya kuwaambia watu waliokoseana waache kudaiana. Haikatazi kukumbuka. Anapoitumia kukuzuia usisafiri tena kwenda kuketi chini ya mwembe ule, nakubaliana naye. Anapoitumia kukuzuia usisome, simuungi mkono, kwa kuwa hakuna namna ya kuganga yajayo ya mabinti wawili bila kutazama yaliyomkuta Rosa.

Binti yako mkubwa, uliyempigia simu, ana umri gani? Hukusema. Kama amefikia umri wa kukisoma, mpe nakala hiyohiyo isiyo na jalada, wala usimwambie ulilia wapi. Mwache apige mistari yake.

SWALI

Mwalimu, mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mombasa. Mama yangu alifariki mwezi wa Machi baada ya kuugua kwa miezi mitano, nami ndiye niliyekuwa nikilala hospitalini kumuuguza. Tangu hapo nimesoma Kichwamaji mara nne, na siku hizi sisomi tena tangu mwanzo; kila usiku nafungua kurasa za mwisho tu, pale Kazimoto anapojiua. Wakati mwingine naona kama Kazimoto ni mimi. Dada yangu amekichukua kitabu na kukificha. Je, amekosea?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Mwanangu, pole sana kwa kufiwa na mama, na pole kwa miezi ile mitano ambayo ulikesha.

Dada yako hakukosea. Nasema hivi mimi niliyetumia kurasa zote hizo za juu kuvitetea vitabu vya majonzi, na navitetea bado. Lakini unachokifanya usiku si kusoma. Anayesoma riwaya huanza na watu wakiwa hai, wakicheka, wakikosea, na mwisho humfika akiwa amebeba kila kitu kilichoutangulia, hata anaona palipokuwa na njia nyingine ambayo Kazimoto hakuishika. Wewe umeikata hadithi ukabakisha kifo peke yake, na nadhani umefanya hivyo kwa sababu kipo kifo kingine ambacho huwezi kukifungua kila usiku na kukitazama tena ili ujue kama ungeweza kufanya zaidi. Basi umekopa cha Kazimoto. Hata ukirudia mara mia hutafika usiku ule wa hospitalini, na hata ungefika, mama asingekuambia neno jipya.

Nakuuliza bila kuzungukazunguka: je, mawazo ya kujiua yamekujia? Kama yamekuja, hata mara moja, hata kwa mbali, mwambie dada yako leo, kabla ya kulala, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Kesho asubuhi mwende pamoja hospitali iliyo karibu, mwonane na daktari au mshauri nasaha, ukamweleze kuhusu usingizi wako, chakula chako na mawazo hayo. Usiku usikae chumbani peke yako. Kazimoto alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote katika riwaya ile, na maumivu yake hakumpa mtu amsaidie kuyabeba, hapo usimfuate.

Kwa sasa msimulianeni mama, wewe na dada yako, wala msianzie kwenye ugonjwa. Mwulize dada yako jinsi mama alivyokuwa kabla wewe hujazaliwa: sauti yake alipokuwa akiita mtu kutoka jikoni, nyimbo alizoimba akifua, watu aliowapenda na aliogombana nao. Mtatofautiana, dada yako atasema hivi na wewe utasema vile, na msigombane kutafuta nani anakumbuka sawasawa, kwa sababu hakuna kati yenu aliye na nakala yenye alama za penseli.

Kitabu na kikae kwa dada yako mpaka Machi ijayo.